Kupima gegedu la goti kwa mwanga, kabla eksirei haijaona kitu

Picha ya eksirei ya goti haionyeshi gegedu. Nalitanguliza jambo hili kwa sababu wagonjwa wengi wanaofika kwenye chumba cha fiziotherapia hapa Moshi wakiwa na bahasha kubwa ya kahawia mkononi huamini kwamba ndani ya bahasha ile mna picha ya kitu chenyewe kinachoharibika, na baadhi yetu tunaowahudumia huzungumza nao kana kwamba ndivyo ilivyo. Eksirei huona mfupa kwa kuwa mfupa una madini ya kalisi. Gegedu, yaani lile tabaka jeupe linaloteleza ambalo hufunika ncha za mifupa mahali inapokutana, ni maji kwa asilimia 65 hadi 80 ya uzito wake, na miale hulipita bila kuacha alama yoyote ya maana kwenye filamu. Anachopima daktari ni nafasi iliyobaki kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi. Nafasi ikipungua, anahitimisha kwamba gegedu nalo limepungua. Ni kama kukadiria unene wa godoro kwa kutazama mtu aliyelala yuko juu kiasi gani kutoka kwenye chaga za kitanda.

Sikidharau kipimo hicho. Kikifanywa mgonjwa akiwa amesimama, uzito wa mwili ukiwa juu ya goti, hutoa habari ambayo picha ya mtu aliyelala haiwezi kuitoa, na ningemwomba kila anayeandikiwa eksirei ya goti aulize kama atapigwa picha akiwa amesimama. Madaraja ambayo Kellgren na Lawrence waliyapanga mwaka 1957, kuanzia 0 hadi 4, bado ndiyo yanayotumika katika majibu mengi duniani, na daraja la 2 likiandikwa maana yake ni kwamba vichomozo vya mfupa pembezoni mwa kiungo vimekwisha kuonekana waziwazi. Tatizo ni wakati. Mpaka nafasi kati ya mifupa ipungue kiasi cha kuonekana kwa macho, gegedu huwa limeharibika kwa miaka, na sehemu ya upungufu huo huenda isitokane na gegedu hata kidogo, ila na meniski, yaani kile kipande cha umbo la mwezi mwandamo kilicho katikati ya mifupa ya goti, iliyochanika au iliyosogea kutoka mahali pake. Kipimo cha MRI, kinachotengeneza picha kwa sumaku yenye nguvu, hulionyesha gegedu lenyewe, lakini hugharimu laki kadhaa, na picha zake za kawaida hutambua vizuri zaidi gegedu lililokwisha kumomonyoka kuliko lile ambalo bado lina unene wake huku ndani likiwa limeanza kudhoofika.

Wanaonijia ni akina mama waliobeba majani ya ng'ombe na mikungu ya ndizi kwenye miteremko ya Kibosho na Marangu tangu usichana wao, wapagazi wa mlimani, mafundi waliopiga magoti kwenye saruji kwa miongo, na sasa, kwa wingi unaonisikitisha, vijana walioanguka na bodaboda. Karibu wote wamekwisha kuambiwa na mtu fulani kwamba uteute wa magoti umekauka. Bibi mmoja, baada ya kumwamkia na kumkalisha, aliniuliza, "Sasa mjukuu wangu, huo uteute unaongezwa wapi?" Nikamjibu, "Bibi, uteute upo, tena leo umezidi. Ndio uliolivimbisha goti. Kilicholika ni kile kinachofunika ncha za mifupa." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala hii: "Kwa nini hawakukiona mapema?"

Ili kulijibu swali lake inabidi kwanza tujue gegedu limejengwaje. Kwenye goti lina unene wa milimita 2 hadi 4 katika sehemu nyingi, na nyuma ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, huzidi hapo, likawa ndilo gegedu nene kuliko yote mwilini. Ndani yake hamna mishipa ya damu, hamna neva, na seli zake ni chache, zimetawanyika mbalimbali katika kiunzi ambacho zenyewe zilikijenga. Kiunzi hicho kina vitu viwili vikuu vinavyopingana. Cha kwanza ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, hasa ya aina ya pili, ambazo katika tabaka la juu hulala sambamba na uso wa gegedu na katika tabaka la chini husimama wima zikiwa zimejikita kwenye mfupa. Mjerumani Alfred Benninghoff alieleza mwaka 1925 kwamba nyuzi hizo hupanda kutoka mfupani, hupinda karibu na uso na kurudi chini, zikifanya matao. Cha pili ni proteoglikani, molekuli kubwa zenye chaji hasi ambazo huvuta maji kwa nguvu na kutaka kuvimba, huku kolajeni ikizizuia zisivimbe kupita kiasi. Ugumu wa gegedu, ule unaoliwezesha kubeba mara kadhaa ya uzito wa mwili mtu anaposhuka ngazi, hutokana na mvutano huo.

Uharibifu huanza kwa mpangilio unaofahamika vizuri kiasi. Proteoglikani hupungua kwanza karibu na uso, nyuzi za juu hulegea na kuanza kuchanika, maji huongezeka badala ya kupungua kwa sababu kizuizi kimedhoofika, na gegedu huwa laini kabla halijawa jembamba. Nyufa hufuata, kisha vipande hubanduka, na mwishowe mfupa hubaki wazi. Hatua zile za mwanzo, ambazo hazipunguzi unene, ndizo ambazo eksirei haina njia yoyote ya kuziona, na ndizo hatua ambazo bado kuna gegedu la kuokoa.

Mwili haulirudishi likishapotea. Mwaka 1743 daktari William Hunter aliliandikia jopo la wanasayansi la Royal Society mjini London kwamba gegedu lililoharibika halijirekebishi, na karne tatu karibu zilizofuata hazijamkanusha. Mwaka 2016 watafiti wa Denmark walipima kaboni-14, aina ya kaboni yenye mionzi, ndani ya gegedu la goti, wakitumia ukweli kwamba majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 yaliongeza kaboni hiyo hewani na kuacha alama ya wakati katika miili ya watu wote waliokuwa hai. Waligundua kwamba kolajeni ya gegedu la mtu mzima kwa hakika haibadilishwi: nyuzi alizo nazo mtu wa miaka 60 ni zilezile alizojengewa akiwa kijana, na hilo lilionekana hata kwenye magoti yenye ugonjwa. Kwangu mimi huo ndio msingi wa hoja yote. Kitu kisichojengwa upya kinastahili kupimwa kabla hakijabomoka.

Njia ya moja kwa moja ya kuliona gegedu ni kuingia ndani ya goti. Mwaka 1918 Kenji Takagi mjini Tokyo alilitazama goti la maiti kwa kutumia kifaa kilichotengenezwa kwa ajili ya kutazama kibofu, na kutokana na kazi yake na ya mwanafunzi wake Masaki Watanabe ikazaliwa athroskopia tunayoijua leo, ambapo bomba jembamba lenye kamera na taa huingizwa kupitia tundu dogo la ngozi. Daktari huona uso wa gegedu kwenye skrini, na kwa kijiti chenye ncha iliyopinda hulibonyeza ili kuhisi kama limelegea. Kisha hulipa daraja, mara nyingi kwa kufuata mpango wa Outerbridge wa mwaka 1961, ambao daraja lake la kwanza ni kulainika na kuvimba, na la nne ni mfupa kuwa wazi. Kwenye daraja la nne hakuna anayebishana na mwenzake. Kwenye daraja la kwanza na la pili, madaktari wawili wenye uzoefu wakitazama goti moja hutofautiana mara kwa mara, kwa sababu jicho huona uso tu, na kidole kilichoshika kijiti hakina kipimo. Hapa ndipo mwanga unapoingia kazini kwa namna nyingine, kwa kuwa mwanga ule ule ambao athroskopu huutumia kuangaza tu unaweza pia kutumika kupima.

Mwanga ukiingia kwenye tishu hupatwa na mambo machache: baadhi ya fotoni, yaani chembe za mwanga, hurudishwa, baadhi hutawanywa huku na huko na nyuzi, baadhi hufyonzwa na molekuli, na chache sana hurudi zikiwa zimebadilika rangi. Kila moja kati ya mambo hayo limepewa mbinu yake.

Mbinu iliyonivutia kuliko zote ni tomografia ya mwanga inayofahamika kwa kifupi chake cha OCT. Ilitangazwa mwaka 1991 na kundi la watafiti wa Massachusetts wakiwemo David Huang na James Fujimoto, na leo ni kipimo cha kila siku kwenye kliniki kubwa za macho, ambako hutumika kuonyesha matabaka ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mwanga hugawanywa mara mbili. Nusu moja hutumwa kwenye kioo kilicho umbali unaojulikana, na nyingine hutumwa kwenye tishu. Mawimbi yanayorudi kutoka pande zote mbili hukutanishwa, nayo huungana na kuacha alama pale tu yaliposafiri umbali unaolingana. Kwa hiyo kila kina cha tishu kinaweza kutenganishwa na kingine, na matokeo yake ni picha ya mkato wa gegedu, kana kwamba limekatwa kwa wembe na kutazamwa ubavuni, ilhali halijaguswa. Vitu vilivyoachana kwa takriban mikromita 10, yaani sehemu moja ya mia ya milimita, huonekana kuwa viwili. MRI ya hospitali haikaribii usahihi huo.

Kwa gegedu hutumika mara nyingi mwanga wenye urefu wa wimbi wa takriban nanomita 1,300 (nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita), ambao haumo katika rangi ambazo jicho huziona, na ambao pia hubeba mawasiliano ndani ya nyuzi za kioo za mkongo. Viwanda vya simu vilikwisha kuvitengeneza vipuri vyake kwa wingi, jambo lililoirahisishia mbinu hii safari yake, na uzi wa kioo ni mwembamba kiasi cha kupita ndani ya tundu la athroskopia bila shida. Constance Chu na wenzake, wakati huo wakiwa Pittsburgh nchini Marekani, walionyesha mwaka 2004 kwamba inawezekana kulipima gegedu kwa njia hii wakati wa athroskopia.

Walichokitazama si nyufa peke yake. Nyuzi za kolajeni zilizopangika vizuri huathiri mwanga kwa kadiri ya mwelekeo wa mitetemo yake, hivi kwamba kwenye picha ya OCT gegedu lenye afya huweza kuonyesha mistari ya kupishana, mweupe na mweusi, inayoshuka kutoka usoni kuelekea chini. Mpangilio wa nyuzi ukivurugika, mistari hiyo hufifia na kutoweka, na hilo huweza kutokea uso wa gegedu ukiwa bado unaonekana laini na mzima kwenye kamera. Nikiliweka kwa lugha ya swali la yule bibi: huu ni uharibifu ambao jicho la daktari aliye ndani ya goti lenyewe halikuuona, na mwanga uliuona.

Mipaka yake inafaa kutajwa kwa uzito uleule. Mwanga wa OCT hushuka milimita 1 hadi 2 tu kabla haujatawanyika ukapotea, kwa hiyo kwenye gegedu nene la goti la mtu mzima mara nyingi haufiki kwenye mfupa, na unene wote hauwezi kupimwa. Ile mistari hubadilika pia kulingana na pembe ambayo kijiti kimeshikwa, na kulingana na sehemu ya kiungo, kwa sababu matao ya Benninghoff hayakupangika sawasawa kila mahali. Mtu anayesoma picha hizo bila kujua mambo hayo anaweza kulitangaza gegedu zima kuwa bovu.

Mbinu ya pili ninayoitilia maanani ni spektroskopia ya infraredi ya karibu, inayotumia mwanga ulio kati ya takriban nanomita 700 na 2,500. Haitoi picha. Hutoa mstari uliopinda wenye vilima na mabonde, ambao huonyesha ni kiasi gani cha mwanga kilifyonzwa katika kila urefu wa wimbi, na vilima hivyo hutokana na mitetemo ya vifungo vya hidrojeni na oksijeni, kaboni na naitrojeni ndani ya molekuli. Maji hujitokeza wazi karibu na nanomita 970, 1,450 na 1,940. Wasomaji wanaofanya biashara ya nafaka au kahawa huenda wamekwisha kuiona mbinu hii pasipo kuijua, kwa sababu kabla haijafika hospitalini ilikomazwa na watu wa kilimo: Karl Norris wa Wizara ya Kilimo ya Marekani aliitumia kupima unyevu wa nafaka, na vifaa vinavyotokana na kazi yake hupima unyevu na protini ya punje bila kuzisaga.

Kinachoipa nguvu kwenye gegedu ni kwamba mwanga wa infraredi ulio karibu zaidi na ule unaoonekana hupenya ndani sana kuliko wa OCT, hata ukapita unene wote wa gegedu na kufika kwenye mfupa ulio chini. Kundi la watafiti wa Kuopio, nchini Finland, limefanya kazi kubwa hapa, likianza na magegedu ya wanyama, wakiwemo farasi, na kuendelea hadi ya binadamu. Utaratibu wao ni wa kielimu kwa maana halisi, kwani kompyuta hufundishwa. Sehemu nyingi za gegedu hupimwa kwa mwanga, kisha sehemu zilezile hupimwa kwa njia za kawaida za maabara, yaani unene, ugumu linapobonyezwa, kiasi cha proteoglikani, na hali yake chini ya hadubini. Kompyuta hutafuta uhusiano kati ya umbo la mstari na vipimo vile, na baada ya hapo hupewa mstari wa gegedu ambalo halijawahi kupimwa, ikakadiria ugumu na unene wake. Daktari akiwa na kijiti chenye nyuzi za kioo angeweza kuligusa gegedu na ndani ya muda mfupi akapata namba mahali ambapo leo anategemea hisia za kidole.

Udhaifu wake uko palepale penye nguvu yake. Mstari ule hauna kilima kinachosema peke yake kwamba hii ni proteoglikani. Vilima vya molekuli mbalimbali hupandana, na maji hufunika vingine vyote. Kila kitu kinategemea ubora wa mafunzo iliyopewa kompyuta. Iliyofundishwa kwa goti la farasi haiwezi kuaminiwa kwenye goti la mwalimu mstaafu wa Rau mpaka ithibitishwe hivyo.

Infraredi ya kati hutofautisha molekuli vizuri zaidi, lakini hufyonzwa upesi mno hivi kwamba huona mikromita chache tu za juu. Mbinu ya Raman, iliyotokana na ugunduzi wa C. V. Raman wa mwaka 1928 nchini India uliompatia Tuzo ya Nobel miaka miwili baadaye, hutumia leza na kuzipima zile fotoni chache sana zinazorudi zikiwa na rangi tofauti. Hutambua kolajeni iliyovurugika na madini ya mfupa kwa uwazi wa kuvutia, ila mng'aro wa tishu yenyewe huweza kuifunika ishara hiyo dhaifu. Naziona zote mbili kama zana za maabara kwa sasa.

Msomaji atauliza kwa nini basi tusimulike goti kutoka nje, bila tundu wala ganzi. Kwenye viungo vidogo vya vidole jambo hilo limejaribiwa, kwani kidole huruhusu infraredi ya karibu kupita upande hadi upande. Goti ni kubwa mno. Kabla mwanga haujafika kwenye gegedu hupita ngozi, mafuta, kano na utando wa kiungo, na ukirudi huwa umebeba habari za vyote hivyo kwa mchanganyiko. Lipo pia jambo ambalo sisi huku hatuna ruhusa ya kulipuuza. Melanini, ile inayoipa ngozi rangi yake nyeusi, hufyonza mwanga, na tayari tuna funzo chungu kutoka kwenye kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni ya damu kwa mwanga wa nanomita 660 na 940. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vifaa hivyo viliwakosa wagonjwa weusi wenye upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya vilivyowakosa wagonjwa weupe. Kifaa kilikuwa kimetumika kwa miongo kadhaa kabla hatari hiyo haijapewa uzito wake. Kijiti cha ndani ya goti hakipiti kwenye ngozi, kwa hiyo kizuizi hicho hakikihusu. Lakini yeyote atakayeleta huku kifaa cha kupima viungo kutoka nje tunapaswa kumuuliza mara moja kilijaribiwa kwenye ngozi za akina nani, na tusikubali kujibiwa kwa maneno ya jumla.

Nataka pia kusema bila kuficha kile ambacho mwanga hautakifanya. Hautapima maumivu. Gegedu halina neva, na maumivu ya goti lililosagika hutoka kwenye mfupa ulio chini yake, kwenye utando uliovimba, kwenye kifuko cha kiungo na kwenye misuli iliyochoka. Ndiyo maana ninao wagonjwa ambao eksirei yao inatisha nao wanatembea hadi sokoni Mbuyuni na kurudi, na wengine ambao picha yao ni karibu safi nao hawalali usiku. Tena, hadi leo hakuna dawa iliyothibitishwa kuliotesha upya gegedu la mgonjwa wa aina hii. Kipimo kizuri hakigeuki kuwa tiba.

Faida yake naiona mahali pawili. Pa kwanza ni chumba cha upasuaji, ambako daktari anayeondoa gegedu bovu ili kuweka kiraka anahitaji kujua ubovu unaishia wapi, kwani akiacha ukingo uliokwisha kudhoofika kiraka hushikizwa kwenye kitu kisicho imara, na akikata zaidi anaondoa kile kisichorudi. Pa pili ni utafiti wa dawa zenyewe: dawa inayopunguza kasi ya uharibifu haiwezi kutambuliwa upesi kwa kipimo kinachosubiri miaka nafasi ya eksirei ipungue.

Katika hayo mawili, wanaonijia akilini ni wale vijana wa bodaboda. Kijana wa miaka 24 aliyekatika kano ya msalaba ya mbele, mojawapo ya kano zinazoshikilia mifupa ya goti, si mgonjwa wa kusagika kwa goti siku anapoanguka, lakini karibu nusu ya watu waliopata majeraha ya namna hiyo, au ya meniski, huwa na ugonjwa huo unaoonekana miaka 10 hadi 20 baadaye, wakiwa bado katika umri wa kulea watoto. Goti lake litafunguliwa kwa athroskopia kama atabahatika kufika kwa mtaalamu. Dakika zile chache kamera ikiwa ndani ndiyo nafasi pekee ya kulipima gegedu lake likiwa na hali ya mwanzo kabisa ya ugonjwa, na matokeo yake yangenisaidia hata mimi, kwa sababu mpango wa mazoezi ya mtu ambaye gegedu lake limekwisha kulainika upande wa ndani wa goti haupaswi kufanana na wa yule ambaye lake liko imara.

Kifaa kamili cha namna hiyo ni ghali, na sitarajii kukiona karibuni kwenye hospitali za wilaya. Hata hivyo kuna kazi ya msingi inayoweza kufanyika huku, na ambayo kama haikufanyika huku itatupasa tena kupokea kompyuta iliyofundishwa kwa magoti ya watu wengine. Kila goti linapobadilishwa kwa upasuaji, vipande vya mfupa vyenye gegedu lililobaki huondolewa na kwa kawaida huteketezwa. Mara nyingi upande mmoja wa kipande huwa umelika hadi mfupani na upande wa pili ungali na gegedu la kutosha, kwa hiyo mgonjwa mmoja hutoa madaraja karibu yote ya uharibifu. Moshi ina hospitali ya rufaa ya kanda, KCMC, tangu mwaka 1971, na kwenye barabara ya kwenda Arusha, pale Tengeru, ipo Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Daktari wa mifupa, mtaalamu wa patholojia na mwanafizikia wakikubaliana, na kibali cha maadili kikipatikana kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na mgonjwa mwenyewe akaridhia kwa maandishi, vipande hivyo vinaweza kuwa hazina.

Ningependa kazi hiyo ianze na infraredi ya karibu, kwa sababu kifaa chake ndicho nafuu na kinachostahimili zaidi. Kipande kihifadhiwe kwenye maji ya chumvi ili kisikauke, kwa kuwa gegedu lililokauka hubadilisha mstari mzima wa maji. Kichorwe alama za mahali pa kupimia, zenye kupangwa kwa umbali sawa. Kila alama isimulikwe, kisha ibonyezwe kwa kipimo cha ugumu, kisha ikatwe na kupakwa rangi ya safranini O, ambayo huifuata proteoglikani na kufifia inapokosekana. Watu wawili wasioyajua majibu ya mwanga watoe alama za Mankin, yaani za kiwango cha uharibifu wa gegedu chini ya hadubini, zilizopangwa mwaka 1971 kuanzia 0 hadi 14, kila mmoja kivyake. Wakati wa kuifundisha kompyuta, vipimo vya goti moja visigawanywe hata kidogo kati ya kundi la kufundishia na kundi la kujaribia, kwa sababu alama mbili za goti moja zinafanana mno, na kompyuta iliyokwisha kuiona moja itaonekana kuijua ya pili. Magoti ya kujaribia yawe ya watu ambao haijawahi kuona hata nukta yao moja, na yatoke kwa wanaume na wanawake, wakulima wa mlimani na watu wa mjini, na wale walioumia ujanani.